Nilipanda Ngong bila kushusha mguu, na mwendo wa polepole ndio ulionifikisha

Jumamosi iliyopita, saa moja na nusu asubuhi, niliingia geti la Ngong Hills nikiwa juu ya baiskeli, na nikafika kwenye milingoti ya mawasiliano nikiwa bado juu ya baiskeli. Sikushusha mguu hata mara moja. Asiyeujua mwinuko ule ataona ni jambo dogo. Wewe unayesoma hapa najua umewahi kuisukuma baiskeli yako pale huku watembea kwa miguu wakikupita, kwa hiyo huhitaji kuelezwa. Nilipofika juu niliilaza baiskeli kwenye nyasi, nikasimama kwenye upepo ule mkali, machozi yakanitoka. Sioni haya kusema hivyo.

Nilitaka kuyaweka haya moyoni, lakini Jumatatu nikapata ujumbe wa dada mmoja msomaji: "Kaka, hujambo? Nimehamia Nairobi kutoka Mombasa, huu ni mwezi wa pili. Kule nilikuwa naendesha baiskeli hadi Nyali na kurudi bila shida. Huku kila kilima pumzi zinaniishia na mapaja yanawaka moto. Nifanye mazoezi gani nipande milima kama nyinyi?"

Dada yangu, pole na karibu. Sehemu moja ya taabu yako haitokani na wewe. Umetoka usawa wa bahari ukaja mita 1,700 hivi juu yake, na kilele cha Ngong kinafika mita 2,460. Kule juu kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu robo kuliko pumzi ya Nyali. Mwili huzoea, ila huzoea kwa wiki nyingi, kwa hiyo jipe muda. Sehemu ya pili ya taabu ni namna tunavyofanya mazoezi, na hapo ndipo mimi nilipopotea kwa muda mrefu.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, baridi ile ya Nairobi inayoingia hadi kwenye mifupa, nilikwenda Ngong kwa mara ya kwanza na kundi moja la waendesha baiskeli. Nilikuwa na baiskeli ya mitumba, fremu ya alumini, gia 24, niliyoinunua kwa akiba ya miezi minane. Tulikuwa watu tisa. Kabla hata ya kuifikia mitambo ya upepo, nilikuwa nyuma peke yangu, mikono imeganda kwenye usukani na moyo unapiga hadi masikioni. Kiongozi wa kundi akageuza akateremka hadi nilipokuwa. Nikadhani amekuja kunisindikiza. Akaniambia, "Mzee, huu mchezo si wa kila mtu. Teremka taratibu, tutakupata Ngong mjini."

Niliteremka. Nikaagiza chai kwenye kibanda karibu na steji, nikangoja hadi saa nane mchana. Nilipiga simu mara tatu, haikushikwa. Mwishowe nilishika barabara ya Ngong peke yangu, na jioni nikaona picha zao zimewekwa: watu wanane wanatabasamu juu ya mlima, na maandishi yanasema kundi zima limefika kileleni. Kundi zima. Neno hilo nimelibeba miaka miwili.

Hasira ikawa ndiyo kocha wangu. Niliamka saa kumi na moja kila siku, Jumatatu hadi Jumapili, nikakimbiza baiskeli kwa nguvu zote kutoka Kinoo kwenda Wangige na kurudi, kisha naoga naenda kazini. Kila siku nilitaka kuvunja muda wa jana. Mwezi wa kwanza niliimarika kweli, na hilo ndilo lililonidanganya. Mwezi wa pili nikasimama palepale. Mwezi wa tatu nikaanza kurudi nyuma. Mapigo ya moyo wangu nikiamka, ambayo yalikuwa 60 kwa dakika, yakafika 71. Usingizi ukapotea. Goti la kulia likaanza kuuma kila nikipanda ngazi za ofisini. Mimi nikasema dawa ni kuongeza bidii, nikaongeza, nikaishia kitandani wiki mbili na homa ya mafua isiyoisha.

Aliyeniokoa ni fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu, mzee ambaye hajawahi kushindana popote. Nilimpelekea baiskeli abadilishe cheni. Akanitazama nikiipanda, akasema, "Shuka kwanza." Akachukua spana, akapandisha kiti upana wa vidole vitatu. Akaniambia niketi, niweke kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu uwe umenyooka sawasawa. Ukishaweka kisigino hivyo, ukija kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti linabaki limekunjika kidogo, na ndivyo linavyotakiwa. Miezi yote ile nilikuwa nakanyaga kama mtu aliyechuchumaa. Goti likapoa ndani ya wiki tatu. Kisha akaniuliza napumzika siku gani. Nilipokosa jibu akatikisa kichwa tu, akarudi kwenye kazi yake.

Basi nikaanza upya. Siku tatu kwa wiki naendesha polepole. Namaanisha polepole hadi unaona aibu kupitwa na mtu mwenye baiskeli ya kubebea maziwa. Kipimo changu ni salamu. Jumapili naenda Karura, msitu ambao tungeupoteza kama si Wangari Maathai na wenzake, waliopigwa mwaka 1999 walipokwenda kupanda miti humo, na kila nikilipa pale getini namkumbuka. Humo ndani kila ninayekutana naye namsalimu kwa sentensi nzima: "Habari za asubuhi, leo baridi imezidi, sivyo?" Nikiweza kuimaliza bila kukata pumzi, mwendo ni sawa. Nikikatika kwenye "imezidi", nashusha gia. Saa mbili, saa tatu za namna hiyo ndizo zinazojenga moyo na mishipa ya kubeba oksijeni hadi kwenye misuli. Nilikuwa naziita kupoteza muda.

Siku moja tu kwa wiki ndiyo ya kuumia. Kuna kilima nyuma ya mtaa wetu, upande wa Lower Kabete. Napanda kwa nguvu dakika 4, mwendo ambao salamu haitoki kabisa, kisha nazunguka taratibu dakika 3. Mara nne, basi. Nikimaliza narudi nyumbani, sijiongezei ya tano kwa sababu najisikia vizuri. Na Jumatatu sipandi baiskeli kabisa.

Nguvu za miguu nimezipata kwa jerikeni la maji. Nalikumbatia kifuani, nachuchumaa na kuinuka mara 10, napumzika, narudia mara tatu, jioni mbili kwa wiki. Nilianza na la lita 10, sasa natumia la 20. Hakuna ada ya jimu hapo.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Uji wa wimbi kabla ya kutoka, na safari ikizidi saa moja na nusu, ndizi mbili kwa saa. Kula kabla njaa haijabisha hodi.

Jambo moja la ufundi ambalo wengi wetu tunalikosea: upepo wa tairi. Mafundi wengi wa barabarani wanajaza tairi hadi iwe ngumu kama jiwe, na lami inaipenda hivyo, lakini kwenye changarawe ya Ngong tairi hiyo inarukaruka na gurudumu la nyuma linateleza. Mimi nina kilo 74, tairi zangu ni za inchi 2.2 zenye tyubu, na naweka psi (kile kipimo cha upepo kwenye pampu) 28 mbele, 30 nyuma. Na ukipanda mahali palipo wima, usisimame kwenye pedali. Badilisha gia mapema kabla mwinuko haujakukamata, sogea mbele hadi kwenye ncha ya kiti, inamisha kifua, legeza viwiko. Uzito ukibaki juu ya gurudumu la nyuma, linauma ardhi. Jumamosi, pale penye mawe madogo kabla ya milingoti, gurudumu liliteleza mara mbili, na mara zote mbili kifua kilichoinama ndicho kilichoniokoa.

Sasa niseme lililo moyoni. Vijana, mnajiua. Naona mnavyofuatilia simu kuona nani kapanda kwa dakika ngapi, kisha kesho yake mnatoka na miguu iliyochoka kwenda kumshinda mtu asiyejua hata jina lako. Naona mnavyokopa kununua fremu ya kaboni wakati mapafu bado hayajajengwa. Mnapenda kunitajia Chris Froome, mtoto aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, akashinda Tour de France mara nne. Ni kweli, na mimi najivunia kama nyinyi. Lakini kati ya zile baiskeli za vumbi la Kikuyu na ushindi wake wa kwanza wa 2013 kuna zaidi ya miaka 10. Miaka 10! Wewe umeanza Februari unataka kilele Aprili. Pumzikeni. Laleni. Endesheni polepole.

Na nyinyi mnaoongoza makundi, sikilizeni. Mtu wa mwisho kwenye kundi ni mtu wenu. Mkimwacha kwenye kibanda cha chai, msiandike "kundi zima". Jumamosi nilitazama pande zote pale juu nikidhani labda nitamwona yule bwana. Hakuwepo. Nilitamani awepo, si ili nimtukane, ila anione tu nimekaa kwenye kiti, mguu haujagusa chini.

Dada yangu wa Mombasa, wiki hii usitafute kilima chochote. Peleka kiti kwa fundi, jaribu kile kipimo cha kisigino, kisha uje Karura Jumapili, geti la Limuru Road, saa moja asubuhi. Utanitambua kwa helmeti ya manjano. Tutazunguka saa mbili mwendo wa salamu, na mimi ndiye nitakayekuwa nyuma. Nitabeba ndizi nane, nne zako.