Maswali na Majibu: Kugawa C na D Hakuleti Kasi

Nina hadi diski (hard disk) ya TB 1. Nikiigawa sehemu mbili, C na D, kompyuta itakuwa nyepesi? (Masasi)

Hapana. Swali hili hurudi kila mwaka kama msimu wa korosho. Sahani ni zilezile, kichwa cha kusomea ni kilekile. Faida ni kwamba utapiga Windows upya bila kugusa picha zako za D. Lakini msijidanganye kwamba hiyo D ni nakala ya akiba: diski ikifa, C na D zinazikwa pamoja.

Kompyuta ya mezani, prosesa i5 ya kizazi cha 4, RAM GB 8, inawaka kwa dakika tatu. Niongeze RAM au ninunue SSD? (Lindi mjini)

SSD, yaani diski isiyo na sahani wala kichwa. Hadi diski ya mizunguko 7200 kwa dakika hutumia zaidi ya milisekunde 10 kulifikia faili moja. SSD haifiki hata moja. Windows ikiwaka hufungua maelfu ya mafaili madogo, na hapo ndipo dakika zako zinapoishia. Hizo MB 550 kwa sekunde zilizoandikwa kwenye boksi utaziona ukinakili filamu tu.

Nunua ya SATA (tundu lilelile la hadi diski), inchi 2.5, GB 240. Ukiweza, GB 480. Fundi akikushawishi uchukue NVMe, SSD ya kasi zaidi isiyotumia SATA, mwambie akuonyeshe tundu lake kwanza. Mashine nyingi za kizazi hicho hazina, na hata ukiweka kadi ya kuunganishia, BIOS (programu ya ubao inayoiwasha mashine) nyingi za wakati ule haziwezi kuiwasha Windows kutoka humo.

Ichomeke kwenye tundu la SATA la 6 Gb/s. Ingia BIOS, weka tundu za SATA kwenye hali ya AHCI kabla ya kupiga Windows. Ukihama kutoka IDE, ile hali ya zamani, baadaye bila maandalizi utakaribishwa na skrini ya bluu. Na chomoa ile hadi diski wakati wa kupiga. Wengi huiacha, Windows inaweka faili zake za kuwashia kwenye diski ya zamani, kisha siku diski hiyo ikiharibika SSD nzima nayo haiwaki, na lawama zote zinaangukia SSD. Ukimaliza, irudishe ikae na filamu. SSD usiijaze hadi pomoni. Acha kama asilimia 15 wazi.

Nina diski mbili za GB 500. Niziunge RAID 0? (Newala)

Usiziunge. RAID 0 huzifanya diski mbili kuwa moja na kutawanya mafaili kwenye zote: moja ikifa, umepoteza zote mbili.

Diski inaganda-ganda. Programu gani itaitengeneza? (Mtwara, Shangani)

Hakuna programu inayotengeneza chuma. Kama inapiga kra-kra, zima sasa hivi. Kama iko kimya, hamisha kwanza mafaili muhimu, ndipo ufungue CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Namba za 05 na C5 (sehemu mbovu za diski) zikiwa zinapanda, diski inakufa. Kuibana na CHKDSK, kikaguzi cha diski cha Windows, ni kuiharakishia safari. Ikipanda C7 (makosa ya mawasiliano kwenye waya) peke yake, badilisha waya wa SATA kabla hujanunua diski. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, chumvi hula vichwa vya waya. Na kama umeme wenu unakatika ovyo, UPS (betri ya kushikilia umeme) inunuliwe kabla ya hiyo RAM mnayoililia.

Nimeona SSD ya nje ya TB 16 kwa elfu 40. Ni nzuri? (Nachingwea)

Feki. Kama umeshainunua, ijaze kwa programu ya majaribio ya H2testw, nayo itakuambia uwezo wake halisi kabla hujaweka picha za harusi.