Kupekuliwa na mwanamume kwenye steji ya basi: je, mwanamke ana dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Ninauza nguo Kibuye, hapa Kisumu, na kila Jumatano mimi na wenzangu wanne huenda Nakuru kuchukua mzigo. Kabla ya kupanda basi, baadhi ya abiria huchaguliwa wapekuliwe. Tunaambiwa ni kubahatisha tu, lakini sisi tunaovaa buibui na nikabu huchaguliwa karibu kila safari. Mpekuzi ni mwanamume. Kile kifaa chake cha kutambua chuma kikilia, ananipapasa kifuani na kiunoni mbele ya watu. Ustadhi mmoja ametuambia tunyamaze, kwani kumtii mwenye mamlaka ni wajibu na dhambi ni ya anayegusa. Mpwa wangu anasema nikatae kupekuliwa kabisa, maana hata Marekani abiria ana haki ya kukataa. Sasa ni wiki tatu sijasafiri. Je, nina dhambi? Nivue nikabu? Niache biashara?

JAWABU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yangu, huna dhambi. Nimeanza na hilo kwa sababu nimeona limekunyima usingizi. Ulichofanyiwa hukukitaka wala hukukiridhia, na Mtume (s.a.w.) amesema kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma wake kukosea, kusahau na kile walicholazimishwa. Aliyedhulumiwa haulizwi kwa nini amedhulumiwa.

Lakini maneno ya huyo ustadhi yamenisumbua kuliko swali lenyewe, kwa kuwa yanasambaa na yanawanyamazisha wanawake. Anaisoma aya ya 59 ya Suratun Nisaa na kuishia katikati. Mwenyezi Mungu amesema, “Mtiini Mwenyezi Mungu, na mtiini Mtume, na wenye mamlaka katika nyinyi.” Neno “mtiini” limerudiwa kwa Mtume, halikurudiwa kwa wenye mamlaka, na wanazuoni wameeleza sababu: utii wao unafuata utii wa Allah na Mtume wake, hausimami peke yake. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya kiongozi wa kikosi aliyekasirika akawaamuru watu wake wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani. Wakasita. Habari ilipomfikia Mtume alisema kwamba lau wangeingia wasingetoka humo, na kwamba utii ni katika mema tu. Basi kama kiongozi aliyeteuliwa na Mtume mwenyewe hatiiwi katika maasi, mpekuzi wa steji atatiiwa vipi?

Kisha huyo mwenye mamlaka ameamrisha nini hasa? Sheria ya Kenya ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 27, inasema mwanamke akihitaji kupekuliwa atapekuliwa na mwanamke mwenzake, na kwa kuchunga heshima kikamilifu. Katiba ya 2010 inalinda utu wa kila mtu katika kifungu cha 28, na katika kifungu cha 31 inalinda faragha, ikiwemo mtu kutopekuliwa mwili wake, nyumba yake au mali yake. Haki ya faragha inaweza kuwekewa mipaka, lakini kwa sheria, si kwa matakwa ya aliyeshika kifaa. Kwa hiyo mwanamke anayesema “nipekuliwe na mwanamke” ndiye anayewatii wenye mamlaka. Anayevunja amri yao ni yule anayepapasa, na ustadhi amemfanyia uvunjaji huo kuwa ibada.

Najua wanaotetea upekuzi huu watatoa kisa cha barua ya siri ya sahaba Hatib bin Abi Baltaa kwa washirikina wa Makka, kabla ya kufunguliwa mji huo. Masahaba Ali, Zubeir na Miqdad walitumwa hadi mahali paitwapo Rawdat Khakh wamzuie mwanamke aliyebeba barua hiyo, na walipoikosa walimwambia aitoe au watamvua nguo. Kisa ni sahihi, ila kisomwe chote. Kwanza, walikuwa na yakini kutoka kwa wahyi juu ya mwanamke mmoja, mahali pamoja, na kitu kimoja. Pili, walianza na mzigo: walimpigisha ngamia wake magoti wakapekua. Tatu, kitisho kilibaki kitisho, na barua akaitoa kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo, wanazuoni wamechukua hapo kwamba dharura ya kweli inaruhusu kinachokatazwa, na sipingi. Lakini dharura hupimwa kwa kiasi chake. Mtu anayepanga kupekua abiria kila alfajiri, mahali palepale, ana muda wa kutosha kumleta mpekuzi mwanamke. Akishindwa kumleta, huo ni uzembe wake, na uzembe hauitwi dharura.

Kwa mpwa wako nitasema kwa ufupi. Ni kweli kwamba New York, tangu mabegi yalipoanza kupekuliwa kwenye treni za chini ya ardhi Julai 2005 baada ya mabomu ya London, abiria anaweza kukataa. Lakini akikataa haingii kwenye treni. Na upekuzi wenyewe una msingi katika dini yetu. Mtume ameamrisha kwamba anayepita na mishale msikitini au sokoni aishike kwenye ncha, asije akamjeruhi mtu. Aliweka sharti kwa kila abebaye, hata asiye na nia mbaya, kwa ajili ya usalama wa msongamano. Nasi tumeona ya kwetu: maguruneti kwenye steji ya Machakos, Nairobi, Machi 2012, mabasi mawili yaliyolipuliwa Thika Road, Mei 2014, na abiria 28 waliotolewa kwenye basi na kuuawa Mandera, Novemba mwaka huohuo. Abiria aliyeketi kando yako ana haki ya kufika kwake. Fungua begi lako kwa moyo safi.

Kuhusu kubahatisha: maana yake ni hesabu isiyomjua mtu, kama kila abiria wa tano, awe nani. Ikiwa buibui ndiyo inayohesabiwa, huo ni ubaguzi, na Suratul Hujurat aya ya 12 imekataza dhana ya namna hii. Nyinyi ni watano. Kwa wiki nne andikeni tarehe, saa, namba ya gari, abiria wangapi walipanda, wangapi walipekuliwa, na kati yao wangapi wamevaa buibui. Malalamiko yenye karatasi hiyo ni vigumu kuyapuuza.

Siku ya safari, fika mapema nusu saa. Kinacholiza kile kifaa mara nyingi ni pini za mtandio, waya wa sidiria, bangili, sarafu, funguo na simu. Funga mtandio kwa kuuchomeka au kwa kifungo cha kitambaa. Vile vibanio vya sumaku navyo vitalia. Vya chuma vitie begini kabla ya kufika kwenye foleni. Kifaa hakihitaji kugusa mwili, hupitishwa karibu na nguo tu. Kikilia, toa kilicholia, uombe kipitishwe tena. Mkono ukinyooshwa, rudi hatua moja na useme kwa sauti ya kusikika: “Nakubali kupekuliwa. Naomba anipekue mwanamke, faraghani.” Anza na neno la kukubali, asije mtu akadai umekataa.

Tofautisha pia nani yuko mbele yako. Mlinzi wa kampuni ya basi anaweza kukataa kukubeba, lakini hana ruhusa ya kukushika kwa nguvu. Akiwa ni polisi, kwa mfano kwenye kizuizi cha njia ya Kericho, usimsukume wala usivutane naye, maana hilo litageuzwa kuwa kosa lako. Sema hukuridhia, soma jina au namba ya kazi kwenye sare yake, kisha kaandikishe kituoni upewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na upeleke malalamiko kwa IPOA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kusimamia mwenendo wa polisi.

Nikabu usiivue kwa ajili ya hili. Akihitaji kulinganisha uso na kitambulisho, omba mwanamke atazame. Asipopatikana, inua kwa muda wa kutazama tu kisha ushushe. Wanazuoni wetu wa Kishafii wameruhusu uso kutazamwa kwa ushahidi na muamala kwa kadiri ya haja. Na udhu: akikugusa juu ya nguo haujatenguka, ngozi yake ikigusa yako umetenguka, hata kama hukutaka, basi tawadha upya kabla ya kuswali njiani.

Biashara usiiache. Riziki ya watoto wako ni halali, na aliyekosea si wewe. Ila usilibebe peke yako. Nendeni wote watano, pamoja na wazee wawili wa kamati ya msikiti, mkaonane na msimamizi wa steji mchana wakati hakuna msongamano. Muombeni mambo mawili: mpekuzi mwanamke kwa mabasi ya asubuhi, na pazia pembeni ya ofisi ya tikiti. Mwanamke Mkristo anayesimama nyuma yako kwenye foleni hiyo naye anapapaswa. Mkaribisheni aende pamoja nanyi.

Wallahu aalam.