Usiwaulize wanavyotafuta, watazame wakitafuta

Mleta mada, kabla hujalisambaza dodoso hilo kwenye makundi ya WhatsApp, lisitishe. Umeandika kwamba utafiti wako wa uzamili unahusu namna wanafunzi wa vyuo wanavyotafuta taarifa za afya mtandaoni, kwamba utatumia fomu ya Google, na kwamba unaomba ushauri kuhusu ukubwa wa sampuli, programu ya uchambuzi na kibali. Nimefika kwenye swali lako la nane, "Je, huwa unahakiki chanzo kabla ya kuiamini taarifa?", nikaona ninaisoma tasnifu yangu mwenyewe, ile iliyorudishwa.

Swali hilo niliuliza mimi pia, karibu neno kwa neno, na majibu yalikuja matamu kupita kiasi, kwa kuwa takriban kila mtu alijaza "mara nyingi" au "kila mara". Ukiyaamini majibu yale, bweni letu lilikuwa na wahakiki wa habari wengi kuliko vyumba vyote vya habari vya Dar es Salaam. Nikamlipa kijana wa steshenari anichambulie kwa SPSS, ile programu ya takwimu, nikapamba sura ya nne kwa chati za rangi, nikaenda kutetea nikiwa nimepiga pasi shati. Mtahini wa nje akauliza jambo moja tu: nimejuaje kwamba wanayafanya wanayoyasema? Sikuwa na jibu. Nikarudi kukusanya data upya, kwa ada ya mwaka mwingine, na mfadhili wangu, ambaye ni mimi, hakufurahi hata kidogo.

Msimamizi wangu ndiye aliyeniambia kwamba dodoso ni rahisi na kwamba nitamaliza mapema. Hakufafanua ni rahisi kwa nani. Alisahihisha nukta na herufi kubwa kurasa nzima, lakini msingi wa utafiti hakuugusa, ilhali jambo lenyewe lilikuwa limeandikwa zamani. Mwaka 2010 Eszter Hargittai na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ambao ndani yake waliwapa wanafunzi kazi za kutafuta na kurekodi skrini zao. Wachache walitaja sifa za mwandishi wa ukurasa, lakini rekodi hazikuonyesha hata mmoja aliyekwenda kuzithibitisha. Miaka mitatu kabla ya hapo, Bing Pan na wenzake walikuwa wamechapisha jaribio walilopindua mpangilio wa matokeo ya Google huku wakifuatilia macho ya wanafunzi, na bado wengi walibofya yaliyokaa juu, hata pale yalipokuwa hayahusiani sana na swali. Hakuna dodoso litakalokupa hayo, kwa sababu hakuna atakayekiri kwamba anaamini tu kilichotangulia. Kumwuliza mtu kama anahakiki vyanzo ni sawa na kumwuliza kama ananawa mikono, mama mkwe akiwa amesimama pembeni.

Safari ya pili nilikaa na kila mshiriki, nikampa kazi moja (atafute kama dawa fulani ya maumivu inafaa kwa mwenye vidonda vya tumbo), nikamwomba aseme kwa sauti anachofikiri, huku simu yake ikirekodi skrini. Binti mmoja aliyekuwa amejaza kwamba hulinganisha vyanzo vitatu aliandika "dawa vidonda tumbo", akasoma mistari miwili iliyotokea chini ya kichwa cha tokeo la kwanza, akaniambia amepata. Hakufungua ukurasa wowote. Mwingine alikuwa amejaza kwamba hutafuta kwa Kiingereza, lakini skrini ilimwonyesha akianza kwa Kiswahili, akikosa anachotaka, akibadilisha neno moja moja hadi swali likawa nusu kwa nusu. Mabadiliko hayo ya swali yaligeuka kuwa sura bora kuliko zote katika tasnifu yangu, na katika fomu yasingeonekana, maana mwenyewe hakujua kwamba anayafanya.

Basi dodoso libakize kwa umri, mwaka wa masomo na aina ya simu. Mengine yote yatazame kwa macho.

Kuhusu ukubwa wa sampuli na programu, wapo humu wanaojua kuliko mimi; kibali anza na ofisi ya utafiti ya chuo chako. Ila kwenye fomu ya ridhaa taja waziwazi kwamba unarekodi skrini, na usijifariji kwamba kufuta majina kunatosha. Mwaka 2006 kampuni ya intaneti ya Marekani, AOL, ilitoa hadharani takriban maswali milioni 20 ambayo watumiaji wake waliyaandika wakitafuta mtandaoni, majina yakiwa yamegeuzwa namba, na gazeti la New York Times likamtambua mmoja wao kwa maneno aliyokuwa akiyatafuta. Halafu mwambie mshiriki azime arifa kabla hujaanza. Rekodi yangu mojawapo ilinasa ujumbe wa mchumba wa mtu, nikalazimika kuifuta yote.