Gitaa la sekunde nane kwenye albamu ya filamu: linahitaji kibali?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Tunamalizia filamu ya maisha ya vijana wa Manzese, na tunataka itoke pamoja na albamu ya hip hop ya nyimbo 12. Kwenye wimbo mkuu prodyuza wetu amesampo, yaani amekata na kutumia, gitaa la dansi la zamani lililorekodiwa Redio Tanzania, sekunde nane tu, akalishusha sauti likawa zito na kulirudiarudia. Mhariri wa filamu anasema chini ya sekunde 30 sheria haina neno. Rapa ni mshikaji wetu na ametupa ruhusa kwa WhatsApp. Trela tumeshaiweka YouTube na wimbo huo uko chini yake. Tuko salama, au kuna karatasi ya kuongeza kabla hatujapandisha albamu?

JIBU: Hamko salama, na huyo mhariri aendelee na kazi yake ya kukata picha.

Sekunde 30 hizi zimenichosha. Nimeulizwa na watu wa Dar, wa Mwanza, wa Nairobi. Kuna anayeapa kuwa ni sekunde 15, kuna anayesema ni mapigo manane, na wote wameambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu. Kila mara naomba nionyeshwe kifungu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 haina sekunde za bure kwa mtengeneza filamu, wala ile ya Kenya ya 2001. Hata Marekani, ambako watu hudai ndiko kanuni hiyo ilikotoka, haipo.

Tena hila yenu hii hii, ya kukata kidogo, kushusha sauti na kurudiarudia, ilishafika mahakamani, na filamu yenyewe ilikuwa ya mtaani yenye hip hop tele. Mwaka 1998 kampuni ya rapa Master P ilitoa filamu ya I Got the Hook Up. Ndani yake ulipigwa wimbo wa kundi la rap la N.W.A, "100 Miles and Runnin'". Wimbo huo ulikuwa na kipande cha gitaa kutoka rekodi ya bendi ya Funkadelic. Kipande kilikuwa cha sekunde mbili hivi. Kikashushwa sauti na kurudiwa mpaka kikajaza mapigo 16. Jaji wa kwanza, huko Tennessee, aliona ni kitu kidogo mno hata msikilizaji hawezi kukitambua. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa iliyoko Cincinnati ikatengua. Neno lake lilikuwa fupi: chukua leseni, la sivyo usisampo. Ninyi mna sekunde nane.

Kinachonifanya niitaje kesi hii kwa kila anayenijia si zile sekunde mbili. Wale wa filamu walikuwa wamepata idhini ya kuutumia wimbo wa N.W.A kwa upande wa utunzi, na idhini hiyo iliwasaidia: dai la watunzi dhidi yao lilianguka. Dai lililosimama ni la mwenye rekodi ya Funkadelic, yule mwenye mkanda wenyewe. Kwa maneno mengine, waliuomba wimbo kwa wenye utunzi wake, wakasahau kuwa ndani ya wimbo ule kuna kipande cha watu wengine kabisa. Ndiyo mlivyofanya kwa huyo mshikaji wenu. Ruhusa yake inahusu mistari yake. Gitaa si lake, na hawezi kuwagawia.

Najua kuna wajanja watanirushia kesi ya Madonna, maana huwa wanaikuta intaneti saa nane za usiku. Ni kweli, mwaka 2016 mahakama nyingine ya rufaa ya Marekani, ya upande wa California, ilikataa kuifuata ile ya Cincinnati, ikasema kipande cha tarumbeta kwenye wimbo wake wa "Vogue" ni kidogo mno kuwa kosa. Kipande chenyewe hakikufika hata robo ya sekunde. Na wimbo ni wa 1990, yaani hukumu ilikuja miaka 26 baadaye. Kama mna pesa ya kulipa mawakili wabishane juu ya robo sekunde, basi pesa ya kibali mnayo tayari.

Turudi kwenye gitaa lenu. Kila wimbo una vitu viwili vyenye wenyewe wawili: utunzi, yaani tuni na maneno, na rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa siku ile studio. Kwa dansi la Redio Tanzania hili ni gumu kuliko watu wanavyodhani. Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa chini ya taasisi: NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz chini ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz chini ya vijana wa chama tawala. Wanamuziki walikuwa wakihama bendi kila mara. Kurekodi kulifanyika redioni, na kanda za redio hiyo leo ziko mikononi mwa TBC, shirika la utangazaji la taifa. Kwa hiyo andikeni barua mbili. Moja iende TBC kuhusu rekodi, na nyingine kwa mtunzi, au kwa warithi wake kama ametangulia mbele za haki. Msijidanganye kuwa marehemu hana haki. Hakimiliki kwetu huishi maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Aliyefariki 1995, utunzi wake haujawa wa bure hadi 2045 ipite.

Kuna njia moja halali ya kupunguza mzigo. Mwiteni mpiga gitaa, alipige upya tangu mwanzo bila kugusa mkanda wa zamani. Hapo suala la rekodi linakwisha, linabaki la utunzi peke yake. Wengi wakisikia hivi hukimbilia studio na kusahau hiyo nusu iliyobaki.

Ombeni mapema, kwa sababu mwenye kitu anaweza kuwapa na masharti. "Gangsta's Paradise" ya Coolio, wimbo uliobeba filamu ya Dangerous Minds mwaka 1995, umejengwa juu ya wimbo wa Stevie Wonder wa 1976. Kwa maelezo ya Coolio mwenyewe, Stevie alitaka matusi yatoke kwanza. Yakatoka, Stevie akatajwa miongoni mwa watunzi, na wimbo ukawa mkubwa kuliko filamu. Hebu fikiria sharti hilo linakuja wakati filamu imeshamiksiwa na rapa wenu yuko Dubai.

Kuhusu albamu nitasema kwa ufupi. Kibali cha kuweka wimbo ndani ya filamu hakibebi albamu, wala trela. Ndiyo maana albamu nyingi za filamu za Marekani hazina nyimbo zote zilizosikika kwenye picha, na zina nyingine ambazo hamkuzisikia. Kwenye karatasi ya kila wimbo andikeni kila tumizi kwa jina lake: filamu, trela, albamu, nchi zipi, miaka mingapi. Mshikaji wenu mumuulize pia nani alilipia studio, nani alitengeneza biti, na nani aliandika kiitikio. Wote hao wasaini. WhatsApp ni mahali pazuri pa kukumbushana siku ya kusaini.

Sasa nitoke kidogo kwenye kesi yenu, maana nyuma ya swali kama hili karibu kila mara kuna mtu aliyelipwa.

Mjini wamezuka madalali wa "kusafisha nyimbo". Mmoja atawauzia prodyuza huduma ya kushusha sauti na kuongeza kasi ili mashine ya YouTube ya kutambua nyimbo isikamate. Mashine isipokamata leo hamjapata kibali, mmepata muda. Mtoto wa mtunzi ana masikio, na solo la baba yake analijua kuliko mashine yoyote. Mwingine atawapeleka kusajili filamu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kisha awape cheti na kuwaambia mambo yamekwisha. Cheti hicho kinahusu kazi yenu. Hakigeuzi cha mwenzenu kuwa chenu.

Wanaoniumiza zaidi ni wauza biti za mtandaoni. Kijana analipa dola 30, anapata faili na karatasi ya Kiingereza ambayo hajaisoma, halafu anatangaza kuwa biti ni yake. Someni hiyo karatasi. Nyingi ni za kukodi: biti ile ile wameuziwa wengine, kuna ukomo wa kusikilizwa mtandaoni, na matumizi ya filamu hayamo au yana bei yake. Na mara nyingi chini kabisa imeandikwa kuwa kama kuna sampo ndani, kazi ya kuiombea kibali ni ya mnunuzi. Ukinunua pikipiki ya wizi ukapewa risiti, bado ni ya wizi, na atakayekutwa anaiendesha ni wewe.

Haya hayaonekani siku ya uzinduzi, maana ukumbini kila mtu anacheza. Yanaonekana filamu ikipata mnunuzi, kituo cha televisheni au jukwaa la nje, naye akataka orodha ya muziki: kila wimbo, muda uliosikika, mtunzi, mwenye rekodi, na nakala ya kibali. Wimbo mmoja ukikosa, anawarudishia filamu nzima.

Kwa hiyo barua zitoke wiki hii, na albamu isipandishwe ikiwa na huo wimbo mkuu kabla majibu hayajaja. Zile nyingine 11 mzipitishe kwenye maswali yale yale ya biti na studio, zitakazovuka zitoke. Mhariri akate toleo la akiba la filamu lenye muziki mwingine kwenye hayo matukio, na prodyuza awape faili za wimbo zikiwa zimetenganishwa, sauti mbali na biti mbali, ili gitaa liweze kutolewa bila kumwita rapa arekodi tena. Trela ishusheni leo.