Maswali ya Wasomaji: Fenda Mpya Zinazokataa Taa za Zamani

SWALI: Marehemu baba aliniachia Volkswagen yenye mgongo wa kobe, ambayo kitabu chake kinaonyesha kwamba ilisajiliwa mwaka wa 1968. Imekaa nyuma ya nyumba kwa zaidi ya miaka ishirini. Fenda zote nne, yaani vifuniko vya juu ya magurudumu, zimeliwa na kutu, na ukitazama chini upande wa dereva unaona nyasi. Kupitia kwa jamaa aliye ng'ambo niliagiza fenda mbili za mbele za mwaka huo wa 1968. Zilifika salama, lakini fundi wangu wa Kariobangi anasema kwamba taa zangu haziwezi kuingia, na mkono wa bampa haupiti penye tundu. Sasa anataka kuzikata fenda ili zikubali. Nambari ya chasisi ina tarakimu tisa na inaanza na 117. Je, niliuziwa bidhaa bandia? Na hivyo vipande vingine nitavipata wapi? Msomaji, Buruburu, Nairobi.

JIBU: Mwambie fundi aweke grainda chini kwanza, kwa sababu fenda hizo si bandia na hazina kosa lolote. Uliloagiza ndilo uliloletewa. Shida ni kwamba gari la baba yako si la mwaka wa 1968, hata kama kitabu kinasema hivyo. Kitabu hueleza siku gari lilipopewa nambari za usajili hapa nchini, wala hakielezi siku lilipotoka kiwandani. Katika Volkswagen za aina yako zilizoundwa kuanzia Agosti 1964, tarakimu mbili za kwanza za nambari ya chasisi, yaani 11, hutaja aina ya gari, na tarakimu ya tatu hutaja mwaka wa modeli, ambao katika kiwanda hicho ulianza mwezi wa Agosti na kumalizika Julai ya mwaka uliofuata. Kwa hiyo 117 ni gari lililoundwa kati ya Agosti 1966 na Julai 1967. Lilisafirishwa kwa meli, likangoja mnunuzi, na kufikia siku ya kusajiliwa tayari mwaka ulikuwa umegeuka.

Miezi hiyo michache isingekuwa na uzito wowote kama Agosti 1967 isingekuwa ndiyo hasa wakati kiwanda kilipobadilisha sehemu kubwa ya bodi. Kabla ya hapo, kioo cha taa ya mbele kililala kufuata mteremko wa fenda. Baada ya hapo taa ilisimama wima. Bampa nazo zilibadilishwa umbo na kupandishwa juu kidogo, ndiyo maana tundu la mkono wa bampa haliko mahali fundi wako analitafuta, na boneti ya mbele ikafupishwa ili kuipa nafasi bampa hiyo mpya. Ukitaka kuhakikisha bila kusoma nambari yoyote, jiulize petroli hutiwa wapi. Kama ni lazima ufungue boneti kwanza, gari lako ni la kabla ya badiliko hilo. Magari ya baadaye yana kijilango cha petroli nje, mbele ya mlango wa kulia. Hata hivyo iamini zaidi nambari, kwa kuwa gari la umri huu huenda limewahi kugongwa na kuvalishwa boneti ya jingine. Nambari hiyo utaikuta kwenye kibati kilicho chini ya boneti nyuma ya gurudumu la akiba, na imegongwa pia kwenye chuma cha mgongo wa chasisi, chini ya kiti cha nyuma. Hakikisha kwamba mahali hapo pawili panasema jambo moja.

Utajiuliza kwa nini ni rahisi kupata fenda za taa wima na ni vigumu kupata zako. Ni kwa sababu gari hili liliendelea kuundwa nchini Mexico hadi Julai 2003, likiwa na taa wima muda wote huo, na vipuri vya gari lililokoma juzi ni vingi kuliko vya gari lililokoma miaka ya sitini. Basi fenda ulizo nazo ni mali yenye soko. Usizikate, wala usizipake rangi. Kila mwaka, siku ya mashindano ya magari maridadi katika uwanja wa mbio za farasi kwenye barabara ya Ngong, wenye magari haya hukusanyika, na miongoni mwao utampata mwenye gari la mwaka wa 1969 au 1970 anayezihitaji, ambaye pengine ghalani mwake ana fenda ya taa iliyolala asiyoijua kazi yake. Mabadilishano ya namna hiyo ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ninazozifahamu.

Kabla ya kutafuta chochote, nakusihi jambo moja: usitupe fenda zilizooza. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kufanya kosa hilo. Miaka mingi iliyopita nilimruhusu fundi auze kama chuma chakavu fenda moja iliyokuwa imebaki nusu tu, nikijiambia kwamba haina faida tena, kisha nikamwomba fundi mwingine anitengenezee mpya kwa mkono. Hakuwa na cha kuigiza isipokuwa fenda ya upande wa pili, ambayo ni kinyume chake kama vile kiatu cha kushoto kilivyo kinyume cha cha kulia. Alijitahidi sana, lakini gari lilitoka na makengeza: taa moja ilitazama barabara na nyingine ilitazama matawi ya miti. Kipande kilichooza ndicho ramani yako. Hata kikiwa kimebaki ukingo wenye matundu ya bolti na duara la taa peke yake, fundi hodari atakijua kilivyokuwa.

Kuzing'oa nako kuna namna yake. Fenda za gari hili hazikuchomelewa. Zimefungwa kwa bolti za spana nambari 13, na kati ya fenda na bodi kuna utepe mwembamba wa raba. Bolti hizo zikishakula kutu, mtu akizilazimisha hukatika, au nati iliyofungiwa ndani ya bodi huanza kuzunguka pamoja na bolti, na hapo kazi ya asubuhi moja hugeuka ya wiki nzima. Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu jioni kwa siku tatu mfululizo, kisha ujaribu kwa upole, ukikaza kidogo kabla ya kulegeza.

Sasa tuje kwenye kutafuta. Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, haina budi kupitiwa, lakini usiende huko na maneno matupu. Ukisema tu kwamba unatafuta fenda ya Volkswagen utaonyeshwa ya Golf. Nenda na kipande chenyewe mkononi, au picha zake pamoja na vipimo, na uulize wazee wa duka badala ya vijana walio mlangoni. Fenda ya zamani ikitokea, ipitishie sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba. Inaponata kwa nguvu kuna chuma. Inapoteleza kuna fila, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati, na fila nene maana yake ni kwamba chini yake kuna shimo ambalo mtu mwingine alichoka kulitengeneza. Faibaglasi nayo haitashika sumaku hata kidogo. Mimi siipendi kwa fenda za mbele, kwa kuwa hupasuka penye bolti katika barabara zetu, ingawa namwelewa anayeitumia akisubiri chuma.

Hata hivyo naamini fenda zako ziko mashambani zaidi kuliko mjini. Magari ya aina hii yalinunuliwa na walimu, makasisi, wauguzi na wakulima wa Limuru, Nyeri na Nakuru, na mengi hayakuwahi kuuzwa; yalisukumwa nyuma ya ghala yakageuka malazi ya kuku. Fenda za magari ya miaka michache iliyotangulia lako zitakaa kwenye bodi yako, ingawa huenda ukahitaji kurekebisha tundu la indiketa iliyo juu ya fenda. Mwenye nyumba akikuambia kwamba gari haliuzwi, usibishane naye. Mwombe fenda peke yake, na umwachie gari lake pamoja na heshima yake.

Ukilazimika kuagiza tena kutoka nje, ianze Afrika Kusini. Gari hili liliundwa huko Uitenhage hadi mwaka wa 1979, na lilikuwa na usukani upande wa kulia kama letu. Kwa fenda na boneti upande wa usukani si hoja, lakini kwa sakafu yenye nafasi ya pedali na kwa dashibodi ni hoja kubwa, na vipande vingi vinavyotoka Brazil na Mexico vilikusudiwa magari ya usukani wa kushoto. Muuzaji mwandikie nambari ya chasisi, usimwandikie mwaka. Kumbuka pia kwamba fenda ni nyepesi lakini ina kiburi cha nafasi. Wasafirishaji wa ndege huzidisha urefu, upana na kimo cha sanduku kwa sentimita, kisha wengi wao hugawanya kwa 5,000 ili kupata kilo za kutoza. Sanduku la sentimita 100 kwa 60 kwa 40 litahesabiwa kuwa kilo 48, hata kama unaweza kulibeba kwa mkono mmoja. Kwa hiyo afadhali vipande vyako viingizwe katika kontena la pamoja la meli hadi Mombasa, na katika hesabu zako utie ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla hujafurahia bei uliyotajiwa.

Hukuniuliza sana kuhusu sakafu, lakini ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko fenda. Katika gari lako betri hukaa chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, na asidi iliyodondoka kwa miaka mingi ndiyo iliyokufungulia dirisha la kutazamia nyasi. Sakafu hii hutengenezwa vizuri na mafundi wetu wa jua kali, mradi watumie bati la chuma la geji 18, ambalo lina unene wa takriban milimita 1.2, na si mabati ya paa, ambayo ni membamba mno na ambayo zinki yake hutoa moshi wenye sumu yanapochomelewa. Mistari iliyoinuka kwenye sakafu ya zamani si mapambo. Ndiyo inayoipa ugumu, na sakafu iliyonyooka kama meza italia kama ngoma ukipita juu ya matuta. Mwombe fundi aikunje ifanane na ya awali.

Kisha uchunguze mihimili ya kando iliyo chini ya milango, ile yenye uwazi ndani unaopitisha hewa ya joto kutoka kwa injini. Ichome kwa ncha ya bisibisi, ikizama, imekwisha. Hapo pasiguswe na grainda mpaka milango yote miwili iwe imefungwa mahali pake na vyuma vya kushikilia vimechomelewa kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, kwa kuwa mihimili hiyo ikiondolewa bila msaada bodi hulegea katikati, na milango haitafunga tena. Fundi akikushauri ununue chasisi nzima ya gari jingine ili kupunguza kazi, kataa. Mgongo wa katikati ndio uliogongwa nambari, na ukiubadilisha umebadilisha gari lenyewe mbele ya sheria. Utajikuta ukijieleza kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kuhusu kitabu kisicholingana na chuma. Kata nusu za pembeni, mgongo wa baba yako ubaki.

SWALI: Je, si rahisi zaidi kuleta kutoka Uingereza gari zima bovu la zamani, nikalivunja hapa na kutumia vipande vyake? Msomaji, South C.

JIBU: Njia hiyo ina kizuizi bandarini. Kanuni ya KS 1515 inayosimamiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Vipande vyenyewe ndivyo vya kuagizwa, vikiwa vimesafishwa na kuorodheshwa kimoja kimoja kwenye ankara.

SWALI: Milango ya Land Rover yangu, Series III, inatoa unga mweupe sehemu ya chini na bati linapukutika. Fundi anataka kuiziba kwa kuchomelea. Nimruhusu? Msomaji, Kahawa West.

JIBU: Usimruhusu kama mashine yake ni ya kawaida ya chuma. Ngozi ya mlango huo ni ya aluminiamu na fremu iliyo ndani ni ya chuma, na metali hizo mbili zikigusana penye maji, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Unga huo mweupe ndio mabaki yake. Ukiziba tundu na kuacha mgusano, unga utarudi baada ya mvua za masika mbili au tatu. Habari njema ni kwamba ngozi yenyewe ina mikunjo michache, kwa hiyo mafundi wa Kamukunji, wanaokunja masanduku na masufuria mchana kutwa, wanaweza kukukatia mpya kutoka kwenye shiti la aluminiamu, almuradi uwapelekee ile ya zamani waifuatishe. Fremu isuguliwe kutu yote na kupakwa prima tabaka mbili, kisha kila mahali ngozi itakapoigusa pawekwe utepe wa kutenganisha. Ribiti ziwe za aluminiamu, na matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya mlango yaachwe wazi, maana mafundi wengi huyaziba kwa rangi bila kujua.