Kwa fundi mgeni wa redio za transista za magari ya zamani

Redio ya gari ya mwishoni mwa miaka ya 1950 au ya miaka ya 1960 ikifika mezani kwako, mara nyingi huwa na ugonjwa mmoja tu, tena mdogo. Ugonjwa wa pili huletwa na fundi. Mengi ninayokuandikia hapa ni ya kukuepusha na huo wa pili, maana transista za enzi hizo zikiungua si rahisi kupata nyingine.

Kwanza jua umeshika nini. Mwaka 1955 Chrysler na Philco walitangaza Marekani redio ya gari isiyo na vali (zile taa za kioo zilizofanya kazi ya transista kabla yake) hata moja, na aliyeitaka aliongeza dola 150 juu ya bei ya gari. Kwa miaka kadhaa viwanda vingi vilipita njia ya katikati: vali ndogo za volti 12 zilipokea mawimbi, na transista moja kubwa ikasukuma spika. Ukiwasha, sauti ikachelewa mpaka vali zipate moto, basi una chotara huyo. Ikija papo hapo, ni transista tupu. Ukikuta ndani transfoma nzito na kidude cha chuma kinachovuma, hiyo ni ya kizazi cha nyuma yake, na ndani yake kuna volti zaidi ya 200. Usiiingize vidole kwa mazoea ya hizi nyingine.

Sasa kabla hujaunganisha waya wowote, tafuta upande wa betri unaofungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza hadi katikati ya miaka ya 1960 yalifunga chanya kwenye bodi, si hasi. Kitabu cha gari hakitoshi, kwa sababu wenyewe wengi waligeuza baadaye walipoweka mitambo ya kisasa. Pima betri ya gari lenyewe, kisha fungua redio uangalie kapasita kubwa ya elektroliti iliyo karibu na mahali umeme unapoingilia: ule mguu wake ulioungwa kwenye kasha la redio ndio unaokuambia. Ukiwa ni chanya, redio ni ya chanya kwenye bodi. Baadhi ya redio zina plagi au swichi ndogo ya kugeuza, lakini nyingine hazina, na ukizipa umeme kinyume zinaweza kuharibika kwa sekunde chache tu.

La pili lenye uzito huohuo ni spika. Usiwashe redio ya aina hii bila spika, hata "kwa kujaribu tu". Transista kubwa ya mwisho inasukuma transfoma, na transfoma isipokuwa na mzigo, volti hupanda kupita kiasi na kuiua. Spika nayo iwe ya omu zilizoandikwa kwenye redio. Redio nyingi za Marekani zilitaka omu 8 au 10, na leo wengi huzifunga spika ya omu 4 kwa kuwa ndiyo iliyopo. Sauti itatoka vizuri, ila transista itafanya kazi ikiwa na joto ambalo haikutengenezewa.

Nieleze kidogo kuhusu transista hiyo, kwa sababu ndiyo roho ya redio. Ni ya jemaniamu, na jemaniamu haipendi joto: ikipata joto hupitisha umeme zaidi, umeme ukizidi joto huzidi, mpaka inakufa. Ndiyo maana imefungwa kwenye bati la kupozea, na kati yake na bati kuna kipande chembamba cha mika kilichopakwa grisi. Ukiifungua, rudisha mika nzima na grisi mpya. Mika ikipasuka una shoti. Mara nyingi kwenye emita, mmoja wa miguu ya transista, kuna rezista ndogo isiyofika omu 1, iliyowekwa makusudi ili ikatike kabla ya vitu vingine kuungua. Ukiikuta imekatika, mshuku mwenzake: pima transista kwanza, usije ukaweka kipande cha waya mahali pake. Hapo sina utani.

Kwenye mita, transista nzima ya jemaniamu huonyesha kama volti 0.2 hadi 0.3 kati ya mguu wa besi na wa emita. Aliyezoea transista za kisasa za silikoni akitarajia 0.6 ataitupa transista nzima akidhani imekufa. Nimeona zikitupwa hivyo.

Kwa kutafuta tatizo, igawe redio katikati. Mwanzo wa nusu ya sauti ni kwenye kidhibiti cha sauti. Kizungushe hadi sauti ya juu, kisha gusa mguu wake wa juu kwa ncha ya bisibisi huku kidole kikiwa kwenye chuma chake. Ukisikia mvumo au mkwaruzo kwenye spika, nusu ya sauti ni nzima na shida iko upande wa mawimbi. Ukisikia kimya, shida iko kwenye nusu hiyo ya sauti, na hapo anza na kapasita za elektroliti. Hizo hukauka kwa umri, na kuzibadilisha zote ni kazi halali hata kama moja tu ndiyo mbovu. Transista ndogo ziache mpaka uwe na ushahidi.

Upande wa mawimbi, swali la kwanza ni kama osileta, yaani sehemu inayozalisha mawimbi ndani ya redio yenyewe, inafanya kazi. Weka redio nyingine ndogo karibu, kasha la redio ya gari likiwa wazi. Redio nyingi za magari ya Marekani hutumia masafa ya kati (IF, yaani tofauti kati ya mawimbi ya osileta na ya stesheni) ya kilohezi 262.5. Ukiweka sindano yake kwenye 800, osileta inapaswa kuwa karibu na 1062. Iweke redio ndogo hapo kisha zungusha ya gari taratibu: ukisikia mluzi unapita, osileta iko hai. Kwa redio ya masafa ya kati ya 455, utafute karibu na 1255.

Redio za Ulaya zina mtego wake. Transista za AF114 hadi AF117 zina miguu minne, na mmoja umeungwa na kopo la nje. Ndani ya kopo huota nywele nyembamba za bati zinazogusa miguu na kuleta shoti. Pima kati ya mguu huo wa kopo na mitatu mingine, pasipite kitu. Pakipita, kata mguu wa kopo peke yake, na mara nyingi redio hufufuka.

Koili za kutafutia stesheni zina vyuma vinavyoingia na kutoka ndani yake. Safisha grisi ngumu kwenye mitambo ya vitufe, tia mafuta kidogo, ila skrubu za vyuma hivyo usiziguse.

Redio ikirudi garini na injini ikaleta kelele, chomoa eriali. Kelele ikikoma, inaingilia eriali. Ikibaki, inapitia waya wa umeme. Kapasita ya kuzuia kelele kwenye koili ya moto hukaa upande wa swichi, kamwe si upande wa pointi (zile zinazokata na kuunga umeme wa koili), na kwenye dainamo hukaa kwenye waya mkubwa, si ule mwembamba wa fildi. Kisha nyoosha eriali yote, tafuta stesheni dhaifu karibu na kilohezi 1400, na uzungushe skrubu ya trima ya eriali, ile kapasita ndogo ya kurekebishia, mpaka sauti ifike juu kabisa.