Kabla Hujajaza Viendelezi kwenye Kivinjari Kipya

Kwa miaka mingi nilitumia kivinjari kilekile nilichokikuta kwenye kompyuta, mpaka kikawa kizito kiasi kwamba nikifungua vichupo kumi mashine nzima inakwama. Niliamua kuhamia Firefox, na siku hiyohiyo nikasakinisha viendelezi tisa kwa mkupuo, yaani programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo, kwa kuwa kila kimoja kilikuwa cha bure na kilisifiwa sana.

Siku ya tatu nilikuwa najaza fomu ndefu ya maombi. Nilipofika mwisho, kitufe cha kutuma hakikuitika. Nilibofya mara nne, nikapakia ukurasa upya, na yote niliyoyaandika yakapotea. Nililaumu tovuti, kisha nikalaumu intaneti, kumbe viendelezi viwili vya kuzuia matangazo vilikuwa vimezuia msimbo ambao fomu ile iliuhitaji. Nililigundua hilo nilipofungua ukurasa uleule katika dirisha la faragha, ambamo viendelezi havifanyi kazi mpaka mwenyewe uviruhusu, iwe ni Firefox au Chrome. Humo kitufe kiliitika mara moja. Tangu hapo, ukurasa ukinigomea, naanza na dirisha la faragha. Likionyesha kwamba kosa ni la kiendelezi, nazima nusu ya viendelezi nione kama tatizo limekwisha, ili nijue kinachosumbua kimo katika nusu ipi, na naendelea kugawa hivyo hadi nikipate.

Kwa hiyo nakushauri usakinishe kiendelezi kimoja, ukitumie siku kadhaa, ndipo ufikirie kingine. Kisanduku cha ruhusa kinachotokea kabla ya kukubali usikipite. Kisome neno kwa neno. Kiendelezi kinachoomba kusoma na kubadilisha data zako katika tovuti zote kinaweza kuona barua pepe unazozifungua na hata unachokiandika kwenye ukurasa wa benki. Kizuia matangazo kina sababu ya kuomba ruhusa hiyo, kwani lazima kichuje kila ukurasa, lakini kikokotoo kidogo hakina sababu yoyote.

Hata kiendelezi kizuri kinaweza kubadilika kikiwa tayari ndani ya kompyuta yako, kwa sababu husasishwa chenyewe bila wewe kuulizwa. The Great Suspender, kiendelezi cha Chrome kilichopendwa kwa kupunguza mzigo wa vichupo, kiliuzwa kwa mmiliki mwingine mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na msimbo hasidi. Ndiyo maana kila mwezi napitia orodha yangu, na kile ambacho sijakitumia nakiondoa kabisa badala ya kukizima tu.

Kuhusu kivinjari chenyewe, kumbuka kwamba Chrome, Edge, Brave, Opera na Vivaldi vyote vimejengwa juu ya msingi mmoja wa programu uitwao Chromium, hivyo viendelezi vingi vya Chrome hufanya kazi pia katika hivyo vingine. Firefox ina injini yake ya kuonyesha kurasa, Gecko, na duka lake la viendelezi. Hakikisha unachokitegemea kimo humo kabla ya kuhama.

Alamisho, yaani anwani za kurasa ulizozihifadhi, huhamishwa kwa urahisi, lakini manenosiri yanataka uangalifu zaidi. Ukiyatoa kutoka kivinjari cha zamani utapata faili ya CSV, ambamo kila nenosiri limeandikwa wazi kando ya jina la mtumiaji, na yeyote atakayeifungua atayasoma yote. Mimi niliiona faili hiyo kwenye folda ya vipakuliwa wiki mbili baada ya kuhama, wakati kompyuta ile tunaitumia watu watatu. Ifute mara tu unapomaliza kuingiza, kisha usafishe na pipa la taka. Kivinjari cha zamani kiache kwa mwezi mmoja hivi, mpaka uhakikishe umeweza kuingia katika akaunti zako zote kupitia kipya. Siku ya kukiondoa, futa kwanza manenosiri na vidakuzi (cookies) vilivyohifadhiwa humo, ndipo ukisanidue.